Mkebe Hauna Hatia

Ukitaja botulizimu mjini Nakuru, yule anayelijua jina hilo atakuambia ni ugonjwa wa mikebe. Vyakula vya kiwandani ndivyo vina sumu, atasema. Maziwa lala ya nyumbani ni ya asili, hayajamdhuru mtu. Hoja hii inapendeza kwa sababu inatusifu. Lakini haina mashiko.

Tuanze na yaliyotokea kwetu. Mwaka 1979 jarida la tiba ya tropiki lilieleza mlipuko wa botulizimu miongoni mwa wafugaji wa kuhamahama wa Kenya, na kilichoshukiwa ni maziwa yaliyoganda. Mwaka uliofuata British Medical Journal ikaandika kuhusu Wakenya waliougua, wengine wakafa, baada ya kula kumbikumbi. Kumbikumbi hao hawakupitia kiwanda chochote. Walikuwa wamefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nchini Uganda, mwaka 2008, wanafunzi watatu wa shule ya bweni waliugua na mmoja akafariki. Mkebe uko wapi hapo?

Bakteria anayesababisha botulizimu makao yake ni udongo. Hali ikiwa mbaya hujifungia ndani ya spora ngumu, akangoja. Akipata mahali pasipo na hewa, pasipo na asidi ya kutosha, penye joto la wastani, huamka na kutengeneza sumu inayokata mawasiliano kati ya neva na misuli. Maziwa yakichachuka vizuri na upesi, asidi yake humzuia. Yakichelewa kuchachuka, sifa za kibuyu hazitamzuia.

Kiwanda kinachojua kazi yake humkabili kwa joto la nyuzi 121, ambalo hupatikana kwa mvuke wenye shinikizo. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria isiyofunikwa kwa shinikizo huchemka karibu nyuzi 94. Joto hilo, likidumu dakika kadhaa, linatosha kuiharibu sumu yenyewe. Spora hazilijali. Kwa hiyo anayepika mboga nyumbani na kuzifunga chupani ndiye wa kuogopwa zaidi kuliko mkebe wa dukani, ingawa mkebe uliovimba nao utupwe bila majadiliano.

Wapo wenye hoja ya kisomi zaidi: basi tumtambue bakteria mwenyewe, tumpime, tujue yupi mbaya. Hapa jenetiki inaharibu mambo. Jina lake, Clostridium botulinum, limefunika makundi yasiyopungua manne, na baadhi yake hayana undugu wa karibu. Yanaitwa jina moja kwa kuwa yana jeni ya sumu hiyo. Tena jeni yenyewe haikai mahali pamoja: kwa wengine imo kwenye kromosomu, kwa wengine kwenye plazimidi, kipande cha DNA kinachoweza kuhama. Clostridium sporogenes ni ndugu wa karibu sana wa wale wanaotengeneza sumu ya aina ya A, lakini kwa kawaida hana jeni hiyo. Ndiyo maana watu wa viwanda humtumia kupima mitambo yao bila kuhatarisha maisha.

Aina za C na D, zinazoangusha ng'ombe na ndege, zinashangaza zaidi. Jeni yao imebebwa na virusi wanaoishi ndani ya bakteria. Mwaka 1971 Melvin Eklund na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba bakteria wa aina ya C akipoteza virusi wake hupoteza na sumu, na akiambukizwa tena huirudisha. Baadaye wakaonyesha kuwa bakteria huyo huyo, akiingiwa na virusi wengine, hutoa sumu ya Clostridium novyi, spishi nyingine kabisa. Ubaya, kwa maneno mengine, unaweza kuazimwa.

Kwa mfugaji wa Bahati au Molo, hili si somo la darasani. Sileji iliyofungwa na panya aliyekufa ndani yake haina hewa. Samadi ya kuku inayochanganywa na lishe huweza kuwa na mizoga. Na ng'ombe hapikiwi. Akilala chini akiwa mlegevu, wa kwanza kushukiwa ni jirani, wa pili ni homa ya maziwa, kisha anadungwa kalisi. Sawa, adungwe, lakini daktari aulize pia samadi ile ilitoka banda gani, na kama kuku waliokufa waliondolewa kabla ya kuizoa.