Maafa hayamsubiri mwenye shahada

Msomaji, kabla hujafungua ukurasa wa michezo, jibu swali moja. Ghorofa likiporomoka leo hapo mtaani kwako, nani atafika wa kwanza? Si mkuu wa mkoa. Si mtaalamu mwenye shahada ya uzamili. Atafika machinga, mpiga debe na dereva wa bodaboda. Utafika wewe.

Ndivyo ilivyokuwa Kariakoo Novemba 16, 2024. Jengo lilipoanguka, vijana wa pale pale walianza kuchimbua kifusi kwa mikono. Ndivyo ilivyokuwa Bukoba Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria ikiwa na watu 43. Wavuvi ndio waliotangulia na mitumbwi yao. Watu 24 walipona, 19 wakafa.

Lakini usivimbe kichwa, kijana mwenzangu. Moyo peke yake hautoshi. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Tumbo la meli likabaki juu ya maji, na ndani walikuwamo watu hai, wakigonga. Waokoaji wakatoboa chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, maji yakapanda, meli ikazama. Waliokufa katika ajali ile ni zaidi ya 800. Waliotoboa hawakuwa na roho mbaya. Walikosa elimu.

Agosti 10, 2019, Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na vijana kama wewe na mimi wakakimbilia na madumu. Likalipuka. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Mtu mmoja anayeheshimika mtaani, mwenye filimbi, kamba na maarifa, angeweza kuwaokoa wengi.

Elimu hiyo ipo nchini. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kinafundisha usimamizi wa maafa hadi shahada ya uzamili. Hospitali ya Muhimbili ilifungua idara ya tiba ya dharura mwaka 2010, na mwaka huo huo chuo chake kikaanza kusomesha madaktari bingwa wa fani hiyo. Wa kwanza walihitimu 2013. Mambo wanayojifunza watu wa fani hizi ni ya maana: kujua bonde lipi litafurika kabla mvua haijanyesha, kupanga nani anatoa amri kwenye tukio, ili watu kumi wasitoe amri kumi, na kuchambua majeruhi. Anayepiga kelele mara nyingi anaweza kusubiri. Aliyenyamaza ndiye wa kukimbiliwa.

Wapo wanaobeza kwamba shahada ya maafa ni ulaji mtupu. Hatukubaliani nao. Ugomvi wetu ni kwamba elimu hii inapanda ngazi, haishuki. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati mpaka ngazi ya kata na kijiji. Tunauliza: umewahi kumwona mjumbe wa kamati ya kata yako? Unamjua jina? Amewahi kukuita akufundishe kuzuia damu inayovuja?

Wakubwa wasituambie hakuna fedha. Fedha za kuunda kamati baada ya msiba hazijawahi kukosekana. Baada ya Kariakoo, Waziri Mkuu aliunda kamati ya kukagua majengo. Vizuri, lakini waliokufa waliihitaji kabla. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kariakoo hatukujenga ukuta, tulifukua watu.

Tunataka mambo mawili. Kwanza, kila anayesomeshwa uzamili wa fani hii kwa fedha ya umma apewe kata yake. Utafiti wake aufanyie humo, kwenye mitaro iliyoziba na maghorofa yenye nyufa, na asipewe cheti mpaka awe amewafundisha vijana wa kata hiyo: bodaboda, wavuvi, wabeba mizigo. Pili, kamba, tochi, machela na majaketi ya kuokolea vikae ofisi ya mtaa, siyo kwenye stoo ya wilaya iliyofungwa kufuli.

Na wewe usikae kijiweni ukisubiri serikali. Andika namba ya Zimamoto, 114, kwenye simu yako leo. Ukiona mafuta yamemwagika, kimbilia upande wa pili. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda, simama, uliza wajumbe wa kamati ya maafa ni akina nani na wamefundisha nini. Wakikuambia kaa chini, uliza tena.

Mwandishi wa makala haya aliishia kidato cha nne. Haombi shahada. Anaomba siku tatu za mafunzo, ili siku mama wa mtu atakapokuwa chini ya kifusi, mikono itakayomfikia kwanza iwe inajua inachofanya.