Askari Wetu Wakirudi Nyumbani

Sisi watu wa Mabanga, Bungoma, hatupingi jeshi. Usajili ukitangazwa, vijana wetu hufika uwanjani alfajiri, wakakimbizwa pekupeku na kukaguliwa meno, na anayechukuliwa huenda kufunzwa Eldoret kijiji kizima kikipiga vigelegele. Kilio chetu ni cha siku anaporudi.

Kila Juni bajeti husomwa, na fungu la ulinzi ni miongoni mwa makubwa. Kambi zijengwe, hatukatai. Lakini tunaye mwenzetu aliyevuka mpaka kuingia Somalia. Huenda ofisini na bahasha ya kaki iliyochakaa pembe: ndani mna barua ya kustaafu, nakala ya kitambulisho na karatasi ya daktari kuhusu goti lake. Aliuza magunia mawili ya mahindi apate nauli ya Nairobi. Akaambiwa faili halionekani, arudi mwezi ujao. Ameshakwenda mara nne.

Na sisi huku tuna kidonda cha zamani. Mwaka 1919, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwagawia mashamba Wazungu waliotoka vitani, mengi yakiwa hapo Trans Nzoia, kuzunguka Kitale. Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi katika vita hivyohivyo, wakafa kwa maelfu kwa kuhara na homa, hawakugawiwa hata robo ekari. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kumtunza askari ni jambo lisilowezekana. Liliwezekana kwa wengine, tena kwa ardhi yetu.

Sheria ya wanajeshi wastaafu ipo tangu 2022. Tumeisikia redioni, kijijini hatujaiona. Wajane nao wana lao. Kambi ya jeshi letu ya El Adde, huko Somalia, ilishambuliwa Januari 15, 2016, na serikali haikutangaza idadi kamili ya askari wetu waliokufa. Tunaumia, maana aliyekufa kwa ajili ya nchi anastahili walau kuhesabiwa.

Hatuombi makubwa. Tunataka afisa mmoja wa wastaafu, mwenye meza na rejista, akae Bungoma, na mwingine Kitale, ili mwenye goti bovu asilale njiani akifuata haki yake. Waheshimiwa wabunge wetu, fungu la ulinzi likiletwa mbele yenu tena, msilipitishe kabla ya kuuliza la wastaafu ni kiasi gani na linamfikia nani.