Anga si Mali ya Wanasayansi Peke Yao



Majuma machache yaliyopita niliwauliza vijana wetu wa kidato cha sita kwa nini tarehe ya Pasaka hubadilika kila mwaka. Binti mmoja alijibu bila kusita: "Baba Paroko, mimi nasoma HKL. Mambo ya anga ni ya wale wa sayansi."

Jibu hilo limenisumbua. Pasaka ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Mwaka 2024 mwezi ulijaa tarehe 25 Machi, nasi tukaadhimisha Pasaka tarehe 31. Je, hapo pana hesabu ya kumshinda msomaji wa historia?

Kwa maoni yangu, misingi ya elimu ya anga ifundishwe pia kwa wanafunzi wa sanaa, tena ianzie uani, si kwenye darubini. Hapa Temeke, kama kule Kinondoni, takriban tarehe 3 Machi na 10 Oktoba jua la mchana hupita juu ya utosi. Simika fimbo wima, nawe utaona kivuli chake kikitoweka: Oktoba yapata saa sita na dakika kumi, Machi yapata saa sita na nusu. Kwa nini si saa sita kamili? Kwa sababu saa zetu hufuata mstari ulio mashariki ya pwani yetu, na pia mwendo wa dunia kulizunguka jua hauna kasi moja mwaka mzima. Somo zima la utangulizi limo katika fimbo hiyo.

Asiyefundishwa anga huuziwa anga. Neno unajimu kwa wengi wetu limekuwa utabiri wa nyota magazetini, jambo ambalo Katekisimu (na. 2116) inalikataa waziwazi. Ni afadhali magazeti hayo yalipochapisha makala za Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria, akiwaeleza watu wa kawaida mambo ya anga. Tarehe 1 Septemba 2016 umati ulikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kutazama jua lililopatwa likabaki pete. Sidhani kama kuna aliyeulizwa mchepuo wake!

Tarehe 10 Oktoba, mawingu yakituruhusu, fimbo itasimikwa uani pa kanisa. Yule binti amekwisha kukubali kushika saa.