Hati ya Rehani Isomwe Mara Mbili

Wanachama wetu wamezoea kuona katika kurasa hizi habari za bei ya karafuu, za mvua na za miche. Leo twaomba ruhusa tuzungumze habari ya karatasi, tena karatasi ya mbali, ya jimbo la Delaware huko Marekani. Hapana shaka yuko atakayeuliza, "Ya Delaware yatuhusu nini sisi wenye mikarafuu?" Jawabu letu ni fupi. Rehani ni rehani popote ilipo, na mwenye kutia sahihi bila ya kusoma hupata hasara ile ile, awe tajiri wa Marekani au awe mwenye mikarafuu ishirini.

Sisi watu wa visiwa hivi si wageni wa rehani. Wazee wetu waliweka rehani mashamba yao, na wengine walikwisha kula fedha za karafuu ambazo bado zilikuwa mtini. Madeni yale yalizidi hata mwaka 1934 serikali ya Unguja ikatoa sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie ovyo mikononi mwa wengine kwa sababu ya deni. Kwa hiyo tukisema kwamba hati ni kitu kizito, hatumfundishi mtu jambo jipya. Twakumbushana tu.

Basi na tuieleze kwanza desturi ya Wamarekani. Kule mtu aweza kuweka rehani mashine zake, mifugo yake, mazao yake au bidhaa za duka lake, na huku mali yenyewe imebaki mikononi mwake anaitumia. Hii ni rehani isiyoonekana kwa macho. Mgeni akipita akaona trekta shambani hawezi kujua kama limekwisha kuwekwa rehani. Ili watu wasidanganyike, sheria yao ya biashara, ambayo majimbo yote yameikubali, inamtaka mdai apeleke tangazo fupi katika afisi ya serikali ya jimbo, na katika majimbo mengi afisi hiyo ni ya Katibu wa Jimbo. Tangazo lina mambo matatu: jina la mdaiwa, jina la mdai, na mali iliyowekwa rehani. Afisi hulipa nambari na kuliweka katika daftari, na yeyote apendaye aweza kutafuta kwa jina la mdaiwa. Kwa kawaida aliyetangulia kuandikisha ndiye aliyetangulia katika haki.

Lakini deni halikai mahali pamoja. Muda wa tangazo hukaribia kwisha, mdai huuza deni kwa mwingine, mdaiwa hubadili jina, mali nyingine huongezwa au hutolewa, na mwisho deni hulipwa. Kwa kila badiliko la namna hiyo hupelekwa hati ya pili, nayo ni hati ya marekebisho. Hati hii hairudii habari zote za mwanzo. Hushika tangazo la kwanza kwa nambari yake tu, kisha hutiwa alama katika kisanduku: endeleza, hamisha, badili, au futa. Nambari hiyo ndiyo roho ya hati. Ikikosewa, hati nzima imekwenda nyumba ya jirani.

Na hapa ndipo wengi hukosea. Wao hudhani kwamba karani wa serikali akipokea karatasi, akaipiga muhuri na kuirudisha nakala, basi amethibitisha kwamba yaliyomo ni sawa. Sivyo hata kidogo. Kazi ya karani ni kupokea, kuweka nambari na kuweka katika daftari. Hamwulizi mdai kama deni limelipwa kweli, wala halinganishi hati na mkataba, kwa sababu mkataba hana. Muhuri wake husema, "Karatasi hii imefika kwetu siku hii na saa hii." Hausemi zaidi ya hayo. Wala hatumlaumu, kwani lau angetakiwa kuhukumu kila karatasi, kazi ya mwezi mmoja isingekwisha kwa mwaka.

Sasa na tusimulie kisa chenyewe. Kampuni kubwa ya motokaa ya General Motors ilikuwa na madeni mawili ambayo yote mawili yalisimamiwa na benki ya JPMorgan Chase. La kwanza lilikuwa la mwaka 2001, la majumba, kiasi cha dola milioni 300. La pili lilikuwa la mwaka 2006, mkopo wa kiasi cha dola bilioni 1.5, na rehani yake ilikuwa mashine na vyombo vya viwanda. Benki haikukopesha peke yake katika mkopo huo wa pili. Ilikuwa wakala wa wakopeshaji wengi waliochanga fedha zao pamoja.

Mwaka 2008 kampuni ilitaka kulimaliza lile deni la kwanza. Mawakili wa kampuni wakaambiwa watayarishe hati za kufuta rehani zake. Wakatafuta katika daftari la Delaware, wakapata matangazo matatu yenye jina la General Motors na jina la benki. Mawili yalikuwa ya deni la kwanza lililokuwa likilipwa. La tatu lilikuwa la ule mkopo mkubwa, ambao haukuwa umelipwa hata kidogo. Yote matatu yakaandikwa katika orodha moja. Rasimu zikapelekwa kwa benki na kwa mawakili wa benki. Zikapita mikononi mwa watu waliosoma sana na wanaolipwa vizuri, na hakuna hata mmoja aliyelitambua lile la tatu. Tarehe 30 Oktoba 2008 hati tatu zikaandikishwa katika afisi ya Katibu wa Jimbo la Delaware, na afisi ikazipokea kama ilivyo kazi yake.

Miezi ikapita na hakuna aliyejua. Tarehe 1 Juni 2009 General Motors ikaingia mahakamani kwa kufilisika. Hapo ndipo kila mdai alipotakiwa kuonyesha hati yake, na hapo ndipo kosa lilipojulikana. Wadai wengine, wasio na rehani, wakasimama wakasema: rehani ya mkopo huu ilikwisha futwa mwaka jana, basi wenye mkopo huu ni sawasawa na sisi, na fedha walizokwisha kulipwa na wazirudishe.

Benki ikajitetea kwa maneno ambayo mtu yeyote angeyasema. Hatukukusudia kufuta rehani ile. Hakuna aliyetaka. Kampuni yenyewe haikutaka. Lilikuwa kosa la kalamu tu. Mwaka 2013 mahakama ya wafilisi ya New York ikaikubali hoja hiyo. Lakini shauri likakatiwa rufaa. Mwezi wa Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Delaware, ilipoulizwa maana ya sheria ya jimbo lake, ikajibu kwamba yatosha mdai awe ameidhinisha hati ipelekwe, na si lazima awe amekusudia matokeo yake. Tarehe 21 Januari 2015 mahakama ya rufaa ya New York ikahukumu kwamba benki na mawakili wake walizipitia hati na kuzikubali zipelekwe, kwa hiyo hati ilikuwa halali na rehani imefutika. Kikabaki kile tu kilicholindwa na matangazo mengineyo, nacho kikagombaniwa miaka mingine tena.

Wako waliosema kwamba hukumu hii ni ngumu mno. Sisi twaona ni ya haki, ingawa ni chungu. Daftari la watu wote haliwezi kusomwa kwa nia zilizomo mioyoni. Mfanya biashara anayekwenda afisini kutafuta jina la mdaiwa huona maandishi, haoni makusudio. Kama kila hati ingeweza kutanguliwa baadaye kwa kusema "sikukusudia", hakuna ambaye angeliamini daftari, na daftari lisiloaminiwa halina faida kwa mkopeshaji wala kwa mkopaji.

Lakini jambo linalotushughulisha zaidi si hukumu. Latushughulisha swali hili: watu wengi vile walitazamaje wasione? Kwa maoni yetu kila mmoja alidhani mwenziwe amekwisha kutazama. Aliyeandika alitegemea atakayekagua, na aliyekagua alimtegemea aliyeandika. Tena walitazama kama maneno yamepangwa vizuri, na hawakuzichukua zile nambari tatu wakayafungua matangazo yenyewe kuona ni ya deni lipi. Kukagua rasimu kwa kuitazama rasimu ni sawa na kupima karafuu kwa kuutazama mzani bila ya kuweka gunia. Hati ya marekebisho hukaguliwa kwa kuwekwa pamoja na hati ya kwanza, bega kwa bega.

Nambari si mtego wa pekee. Jina nalo ni mtego. Mkulima mmoja wa Kansas alinunua zana za kilimo kwa mkopo, na mkopeshaji akaandikisha tangazo kwa jina la kifupi ambalo mkulima huyo aliitwa na watu, wala si kwa jina lake la sheria. Mwaka 2004 mahakama ikahukumu kwamba tangazo hilo halikutosha, kwa sababu aliyetafuta kwa jina la sheria hakulipata. Na sisi je? Katika visiwa hivi mtu mmoja huandikwa Khamis katika cheti kimoja na Hamisi katika kingine. Mohamed, Mohammed na Muhammad huenda wakawa mtu mmoja au watu watatu. Na katika mji mmoja huwapata watu wawili wenye jina la mwana, la baba na la babu sawasawa. Daftari halijui sura ya mtu.

Muda pia una hila zake. Tangazo la Marekani kwa kawaida huishi miaka 5. Mwenye kutaka kuliendeleza sharti apeleke hati yake katika miezi 6 ya mwisho. Akichelewa, tangazo limekufa. Akitangulia kabla ya miezi hiyo, hati yake haina nguvu, ingawa ada amelipa.

Hatutaki mtu adhani kwamba twasema haya kwa ajili ya wenye kukopesha tu. Mkopaji naye ana haki yake, na pengine ndiye anayeumia zaidi. Mtu aliyelipa deni lake lote, na jina lake likabaki katika daftari kama mdaiwa, amefungwa kamba bila ya kosa. Akienda kukopa kwingine huambiwa mali yake ina mwenyewe. Kwa sababu hiyo sheria ya Marekani inasema kwamba deni likiisha, na mdaiwa akadai kwa maandishi, mdai anazo siku 20 za kupeleka hati ya kufuta au kumkabidhi mdaiwa hati hiyo. Basi uangalifu tunaoutaka usiwe kisingizio cha kuchelewesha haki ya mtu. Kufuta kisichopasa kufutwa ni kosa, na kuacha kufuta kilichopasa ni dhuluma.

Shauri letu kwa wanachama ni hili, nalo halihitaji wakili wala fedha nyingi. Chama kinapokopesha kwa rehani, au kinapokopa, kila deni na liwe na jalada lake, na nambari ya usajili iandikwe juu ya jalada. Anayeandika hati ya marekebisho asiwe yeye anayeikagua. Mkaguzi na achukue nakala ya hati ya kwanza kutoka afisini, asitegemee nakala aliyopewa na mwandishi, na wawili hao wakae pamoja, mmoja asome kwa sauti na mwingine atazame: nambari, jina herufi kwa herufi, mali, tarehe, na kile kisanduku kilichotiwa alama. Sahihi isitiwe katika hati yenye nafasi tupu, hata kama mwenye kuileta ni mtu wetu. Na baada ya kuandikishwa, mtu na arudi afisini atafute kwa jina la mdaiwa, aone kwa macho yake daftari linasema nini. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo inayoachwa zaidi, nayo ndiyo pekee ionyeshayo wengine wataona nini.

Najua ya kusema wako watakaosema kwamba wakati wa mavuno hakuna nafasi ya mambo hayo, wachumaji wanangoja malipo na karafuu ziko majamvini. Twakubali. Lakini kazi tuliyoitaja haizidi asubuhi moja, na kesi ya Delaware ilikula miaka. Wengine watasema kwamba kukaguana ni kutoaminiana. Hilo hatulikubali. Mpimaji wa karafuu hupima mbele ya mwenye karafuu, na hakuna aliyeona kuwa ni matusi. Mwenye kukaguliwa kazi yake amelindwa, kwani kosa likionekana mezani ni la kusahihisha, na likionekana mahakamani ni la kulipia.

Tukumbuke pia kwamba ile benki ilikuwa ikishika amana ya watu wengine. Chama nacho ndivyo kilivyo. Fedha zikipotea kwa nambari moja si fedha za katibu wala za mwenyekiti. Ni jasho la mwanachama aliyepanda mti, akachuma, akachambua makonyo, akaanika. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari lipo na mali yaweza kupotea vile vile, ikiwa aliyeandika ndiye peke yake aliyesoma. Twaomba jambo hili liletwe katika mkutano ujao wa wanachama na likatwe shauri kabla ya mikopo ya msimu kuanza kutolewa.