Kompyuta Haikuibii, Inakubembeleza

Kila anayecheza gemu za mikakati ana kesi dhidi ya kompyuta. Askari wake kasimama hatua chache tu kutoka kwa adui, skrini inamwambia ana asilimia 85 ya kupata shabaha, anafyatua, risasi inapita pembeni. Wa pili naye anakosa. Zamu ikigeuka, adui mwenye asilimia 30 anapiga na kuua. Hukumu hutoka papo hapo: mashine inachakachua. Imani hii imezoeleka mno hata hakuna anayeidai ushahidi. Ushahidi upo, kwa sababu wapo watu waliozifungua gemu hizi na kusoma kanuni za mapigano zilizofichwa ndani yake, na walichokikuta ni kinyume cha malalamiko. Katika gemu zinazotukanwa zaidi, pale mizani ilipochezewa, ilichezewa kumpendelea huyo huyo anayelia kuibiwa.

Chukua Fire Emblem, mfululizo wa gemu za Nintendo unaotengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Intelligent Systems. Kabla ya kila pigo, mchezaji anaonyeshwa uwezekano wa kupata. Yeyote angedhani kwamba kompyuta inachomoa namba moja kati ya 0 na 99, na ikiwa ndogo kuliko ile iliyoandikwa, pigo limepata. Toleo la The Binding Blade la mwaka 2002 liliuacha utaratibu huo, na matoleo mengi yaliyofuata yakashika njia yake: zinachomolewa namba mbili, unatafutwa wastani, na huo wastani ndio unaolinganishwa na asilimia iliyoandikwa. Wastani wa namba mbili hukimbilia katikati, kwa sababu ni nadra zote mbili kuwa kubwa sana au ndogo sana kwa pamoja. Ukipiga hesabu, asilimia 90 ya kwenye skrini ni 98.1. Asilimia 80 ni 92.2. Hamsini inabaki hamsini na kidogo. Ukishuka chini mambo yanageuka: 20 ni 8.2, na 10 ni 2.1 tu.

Kanuni ni moja kwa pande zote mbili, lakini faida si moja. Mashujaa wako kwa kawaida hushambulia kwa asilimia 80 na 90, na majambazi wanaokujia hushambulia kwa 20 na 30. Kanuni inayonyanyua namba kubwa na kukandamiza ndogo inakubeba wewe, na hakuna mahali kwenye skrini panaposema hivyo. Anayetaka kuhakikisha bila kusoma msimbo achukue daftari aandike mapigo 200 ya asilimia 90, kila pigo, pamoja na yale yaliyopata ambayo hakuna anayeyakumbuka. Kama skrini ingekuwa inasema kweli, angekosa mara 20 hivi. Atakosa kama mara 4.

Gemu yenye sifa mbaya kuliko zote ni XCOM ya Firaxis, iliyotoka upya mwaka 2012. Jake Solomon, aliyeiongoza, alipoizungumzia XCOM 2 ya mwaka 2016 alieleza kwamba mchezaji akiona 85 haioni ile 15 ya kukosa. Anaona kitu kilicho karibu na mia, kwa hiyo anahisi hakipaswi kukosa. Watengenezaji wakamfuata alivyohisi. Katika ngazi nyepesi za ugumu, 85 inapandishwa kimyakimya hadi karibu na 95, na ukikosa mfululizo, risasi inayofuata inaongezewa tena. Pima uzito wa jambo hilo katika misheni moja yenye risasi 20. Kwa asilimia 85 za kweli, utegemee kukosa mara 3, na nafasi ya kumaliza bila kukosa hata moja haifiki asilimia 4. Kwa 95, nafasi hiyo inaruka hadi karibu 36.

Wengine huleta ushahidi wa kurudia. Wanahifadhi mchezo kabla ya kufyatua, wanakosa, wanarudi pale pale na kufyatua tena, wanakosa tena, mara ya tatu vilevile. Hilo ni kweli, na halina siri. XCOM huhifadhi pamoja na mchezo ile mbegu inayozaa namba zake, kwa hiyo tendo lile lile huleta jibu lile lile. Kilichozuiwa hapo ni mchezaji kurudisha saa nyuma mpaka apate anachokitaka.

Sid Meier, baba wa gemu za Civilization, alilisema hili la hisia kuzidi hesabu mbele ya watengeneza gemu wenzake San Francisco mwaka 2010. Walipokuwa wakiijaribu Civilization Revolution, wachezaji waliokuwa na nguvu tatu kwa moja walilalamika kila waliposhindwa. Hao hao wakiwa na moja kwa tatu, wakashinda, hawakusema neno. Timu ikaishia kurekebisha hesabu ili ilingane na hisia zao. Hadithi ya mkuki ulioangusha kifaru katika Civilization ya kwanza, ile ya 1991, nayo inatajwa hadi leo kama ushahidi wa hila, ilhali kanuni ilikuwa wazi na butu: pambano zima liliamuliwa mara moja, kwa uwiano wa nguvu. Kumi dhidi ya mbili maana yake mnyonge anashinda mara 1 katika 6. Civilization II ikaja na alama za uhai, na mkasa huo ukapungua sana.

Ajabu kubwa iko kwenye Battle for Wesnoth, gemu ya bure iliyoanzishwa na David White mwaka 2003. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, na ndani yake kuna jedwali linalolinganisha madhara uliyotarajiwa kufanya na uliyoyafanya. Hata hivyo wachezaji wanalalamika. Mbilikimo akisimama mlimani ana kinga ya asilimia 70. Mshambulie kwa mapigo manne ya upanga, na kukosa yote manne kutatokea mara 24 katika kila mashambulizi 100. Karibu robo! Mtu anayeita hilo wizi hakuwahi kuzidisha 0.7 mara nne.

Sikatai kwamba kompyuta hupewa upendeleo. Katika Civilization VI, ngazi ya Deity inaanza na wapinzani wenye walowezi watatu dhidi ya mmoja wako, uzalishaji wao uko juu kwa asilimia 80, na jeshi lao lina nyongeza ya 4 katika kila pambano. Lakini hayo uliyachagua mwenyewe ulipochagua ugumu. Kuyachanganya na dadu zilizochakachuliwa ni uvivu wa kufikiri, nao una gharama nje ya gemu. Kijana anayeamini kwamba 80 ni sawa na hakika ndiye anayeweka mkeka wa mechi tano za namna hiyo na kushangaa unapochanika. Tano za asilimia 80 zikizidishwa hazifiki 33, kwa hiyo mkeka huo utachanika mara mbili katika kila tatu, bila mtu yeyote kuuza mechi.

Ndiyo maana hasira yangu kwa watengenezaji ni kubwa kuliko kwa wachezaji. Wameona mtu hajui 85 ni nini, wakaamua kumwacha asijue. Huyo mchezaji akipanda hadi ngazi ya juu kabisa ya XCOM, ambako msaada wa siri umeondolewa, anakutana na 85 ya kweli kwa mara ya kwanza baada ya kulelewa kwa 95 iliyovaa jina la 85, na hapo ndipo anapopiga kelele za wizi kuliko wote. Kelele hizo zilifundishwa na ule upendeleo. Kama wanataka apate kwa asilimia 95, waandike 95.