Mficha baiskeli, mjomba humuumbua

PEDELI NA BISIBISI
Na Mjomba wa Magomeni

Jumamosi iliyopita shemeji yangu aliifunika baiskeli yangu kwa turubai, nyuma ya banda la kuku, ili washenga wasiione. Nalitaja jambo hili mwanzoni kabisa kwa sababu shemeji hununua gazeti hili kila wiki, husoma michezo, kisha hulikunja. Leo kuna jirani atampelekea ukurasa huu. Dar es Salaam majirani wa namna hiyo hawajawahi kupungua.

Mpwa wangu anaposwa. Upande wa mwanamume walikuwa wanakuja Kimara kupanga mahari, na katika shughuli hiyo mjomba ana kazi moja: akae kiti cha mbele, anyamaze kwa uzito, kisha akohoe pale kiasi kinapotajwa. Kazi hiyo naimudu. Nikavaa shati jeupe, nikakunja mguu wa kulia wa suruali usije ukaliwa na cheni, koti nikalifunga kwenye keria, nikampanda Bi Mkubwa. Kwa wasomaji wapya, Bi Mkubwa ni baiskeli ya Phoenix ya inchi 28, na Mama Watoto aliliridhia jina hilo kwa sharti kwamba nisije nikamletea Bi Mdogo.

Mama Watoto alichagua mabasi ya Mwendokasi. Mimi nikashika njia ya baiskeli.

Ndiyo, njia ya baiskeli tunayo. Ilijengwa kandokando ya Barabara ya Morogoro pamoja na mradi huo wa mabasi, yakaanza kubeba abiria Mei 2016, na jiji letu likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Tuzo tulipokea, tukapiga picha, tukairudisha njia kwa wenyewe. Jumamosi wenyewe walikuwa hawa: Noah iliyoegeshwa huku dereva akinywa supu, meza ya chipsi, fundi viatu na mwavuli wake, rundo la kokoto la mtu anayejenga, na kijana wa bodaboda aliyenijia uso kwa uso, upande usio wake, akanipigia honi ndefu.

"Mzee, utagongwa! Huku siyo kwako!"

Bodaboda ananiambia hivyo! Waasisi wa kazi anayoifanya walikuwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda. Nilitaka nimpe historia hiyo kwa ufupi lakini alikuwa ameshafika Manzese.

Ubungo ndiko kwenye mtihani. Daraja la Kijazi, lililofunguliwa 2021, lina ngazi tatu za magari, na mwendesha baiskeli huzunguka chini yake akiitafuta ya nne. Baada ya hapo ni kilima cha kupanda Kimara. Mahali pengine nilishuka nikasukuma, kwani mjomba hafii kilimani siku ya mahari. Hata hivyo nilifika, nikanawa uso bombani, nikavaa koti, na Mama Watoto bado yuko kituoni anasubiri basi lenye nafasi ya mguu mmoja.

"Shikamoo anko! Umekuja na Bi Mkubwa?" mpwa wangu akanipokea, anacheka.

"Marahaba mama. Mwache apumue."

Shemeji akatokea na tabasamu la mwenye shughuli, likamkauka lilipofika kwenye tairi ya mbele. Akatazama geti. Akatazama uwanja, ambako kulikuwa na magari mawili yanayong'aa, moja la kaka yake na jingine la jirani, yote ya kuazima, kwa sababu la kwake liko gereji tangu giaboksi igome. Akanivuta pembeni.

"Shemeji, ungesema tu tukutumie mtu wa kukufuata. Sasa tuiweke kule nyuma kidogo. Watu wenyewe wa upande wa pili, hatujawazoea."

Hatujawazoea! Watu wanaokuja kuchukua binti tutawaonyesha magari ambayo kesho yatarudi kwa wenyewe, ila baiskeli ya mjomba, iliyolipiwa na isiyodaiwa hata shilingi na mtu yeyote, ndiyo siri ya familia.

Ningenyamaza. Mama Watoto aliniagiza ninyamaze, na kwa jambo la mtoto nakubali kumeza mengi. Lakini nilipoinua lile turubai nilimkuta Bi Mkubwa anapata jirani. Chini kulikuwa na sipiyu. Naifahamu, ina stika ya simba pembeni. Nilimpa mpwa wangu alipopata nafasi ya chuo, baada ya kuiunga kutoka kwenye maiti za kompyuta tatu. Juu yake kuku mmoja alikuwa ameshaanza kutaga.

"Hiyo ilikufa," shemeji akasema, kama mtu anayesoma taarifa ya msiba. "Tuliipeleka dukani mjini. Haishiki intaneti. Halafu wakasema hiyo Windows 10 yake imefungwa, kompyuta yote ni ya kutupa."

"Na mtoto anaandikia nini ripoti yake?"

"Ana simu."

"Na ile laptopu mpya niliyosikia mmeikopea SACCOS?"

"Ipo kabatini. Tunaitunza."

Ripoti ya kurasa na kurasa inaandikwa kwa kidole gumba, laptopu imefungiwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni, na kompyuta nzima imegeuzwa kiota. Wageni walisema wangefika saa nne, nasi tukajua maana yake ni saa sita. Nikavua koti, nikamwomba kuku radhi, nikatoa bisibisi kwenye kimfuko cha chini ya siti.

Ndani kulikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Nikalipuliza kwa pampu ya baiskeli, na shemeji akatazama mlango wa mbele mara mbili, tayari kunikana. RAM nikazichomoa, nikazisugua miguu yake kwa kifutio cha penseli, nikazirudisha. Tukaiwasha, ikawaka. Maiti ikafungua macho, ikatuambia kwamba leo ni Januari mosi ya mwaka ambao mpwa wangu alikuwa bado anavaa sare za shule ya msingi.

Ugonjwa wenyewe ndio huo, na nawaeleza ili duka lolote lisiwauzie jeneza tena. Ndani ya karibu kila kompyuta ya mezani kuna betri bapa ya duara inayoitwa CR2032. Kazi yake ni kuiwezesha saa kutembea umeme ukikatika. Ikiisha, kompyuta inaamka kila siku ikidhani ni miaka iliyopita. Sasa tovuti nyingi za leo zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta iliyokwama zamani inaviona vyeti hivyo kuwa havijaanza kazi, inakataa kufungua. Mwenye nyumba anaona intaneti imekufa. Fundi mvivu anaona mteja wa laptopu. Betri yenyewe haifiki bei ya chipsi mayai.

Tuliipata jikoni. Mizani ya dada yangu ya kupimia keki inatumia betri hiyohiyo.

"Kaka, na unga nitapimaje?"

"Pima kwa kikombe, dada, kama alivyopima mama."

Na hilo la Windows 10 kufungwa lina ukweli wake mdogo uliokuzwa kibiashara. Microsoft waliacha kuipa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, na masikini kompyuta yetu ya kuunga haina. Kuitumia mtandaoni hivyohivyo ni kukaribisha wezi, hapo duka lilisema kweli. Ila hakuna sheria ya Mungu inayosema kompyuta lazima iwe na Windows. Flashi ya Linux hainitoki mfukoni, nikaichomeka. Mfumo huo una mizizi kwa Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi tu kule Helsinki alipouanzisha mwaka 1991, na hadi leo unaupakua bure. Mwaka 2004 Chuo Kikuu chetu cha Dar es Salaam kilishirikiana na Waswidi kututolea programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Ni nyumba ngapi za wasomaji wangu ziliwahi kuiweka? Nyamazeni tu, nimeelewa.

Kabla pilau haijapakuliwa, mpwa wangu alikuwa ameketi anachapa kwa vidole kumi.

Nchi hii iliwahi kupiga marufuku kompyuta. Mwaka 1974, baada ya mahesabu ya Wizara ya Fedha kuharibikia kwenye mashine, Serikali ilizuia kuziingiza nchini, na ilichukua miaka mingi marufuku hiyo kulegezwa. Serikali ile angalau iliandika tangazo, na kilichoandikwa kinafutika. Marufuku tuliyo nayo sasa haijaandikwa popote. Unaruhusiwa kuwa na kompyuta, ila usionekane umeifungua. Unaruhusiwa kuwa na baiskeli, ila iwe ya mtoto, au iwe ile ya mazoezi.

Shemeji anayo ya mazoezi. Iko sebuleni, mbele ya televisheni, imenunuliwa kwa bei ambayo kwayo ningepata Phoenix za kutosha kumpa kila mshenga. Haina magurudumu ya kugusa ardhi. Haijawahi kumfikisha mtu hata dukani kununua chumvi. Jumamosi ilikuwa imetundikwa mashati mawili yaliyopigwa pasi. Hiyo haikufichwa. Hiyo ilipanguswa vumbi, ikageuzwa kidogo ili mgeni akiingia aione.

Chanzo cha yote haya nakijua na sihitaji tume kunichunguzia. Ni shule. Tangu darasa la kwanza tumeambiwa tusome kwa bidii tusije tukaishia kuwa mafundi, na aliyefeli ndiye aliyeonyeshwa mlango wa chuo cha ufundi cha VETA. Tumekua watu wazima tunaona aibu kushika spana kuliko kushikwa na deni. Nendeni Shinyanga au Tabora mkaone mtu mzima na heshima zake anavyokanyaga pedeli kwenda msibani, na hakuna anayemfunika. Mark Rutte alipokuwa Waziri Mkuu wa Uholanzi alikuwa akipigwa picha anaingia kazini na baiskeli yake. Angekuwa mjomba Kimara, shemeji angemtupia turubai yeye mwenyewe.

Wageni walifika saa saba. Salamu zikapita, utani ukapita, pilau likapita. Nikakaa kiti cha mbele, nikanyamaza kwa uzito. Mahari ya binti ikatajwa, nikakohoa, ikapanda. Mkaja wa mama ukatajwa, dada akainamisha macho inavyotakiwa. Kisha mshenga wao, mzee wa kanzu na balagha, akanigeukia.

"Na kilemba cha mjomba, tukifunge kwa kiasi gani?"

Shemeji akanipa ishara ya vidole. Laki kadhaa. Nikaziona, nikazipa kisogo.

"Mimi sitaki fedha," nikasema. "Kilemba changu ni tairi mbili za inchi 28, tyubu mbili na cheni. Mvilete kwa mkono, mnifungie wenyewe."

Sebule ikanyamaza. Mama Watoto akalitazama dari.

"Mjomba ana baiskeli?" mshenga akauliza.

"Iko nyuma ya banda la kuku. Shemeji atawapeleka mkapime."

Wakaenda kweli! Mzee wa kanzu akatangulia, shemeji nyuma yake anainua turubai kwa ncha mbili za vidole, na vijana wao wawili wakimpiga picha Bi Mkubwa. Mshenga akabonyeza tairi ya nyuma, akasema imekwisha, akaandika kwenye karatasi ileile ya mahari, chini ya mkaja wa mama: tairi mbili. Ndoa hiyo sasa ina karatasi ninayoweza kuiheshimu.

Jumatatu usiku simu ikaita. Shemeji. Ameitoa laptopu ya SACCOS kabatini aonyeshe wageni wengine, inawaka kisha inazima, na dukani wamemwambia aiache wiki mbili pamoja na fedha ya kuitazama. Je, naweza kupita hata nikitoka kazini, giza likiingia, ndipo barabara inakuwa haina watu?

Nimemjibu kwamba nitakwenda saa sita mchana. Nitapita geti la mbele, na Bi Mkubwa nitamwegesha sebuleni, kando ya mwenzake asiyekwenda popote. Mashati ayaondoe mapema.