AFYA YETU: Damu iliyoganda si kiraka
Mzee mmoja katika masomo ya watu wazima alituuliza: damu ikiganda ndani ya mshipa uliovimba, si inakuwa kama kiraka cha mpira wa baiskeli?

Aota ni mshipa mkubwa unaotoka moyoni. Tumboni, ukipanuka kufikia sentimita 3, umevimba. Damu iliyoganda pembeni inaweza kupunguza msukumo, ndiyo. Lakini ukuta chini yake hukosa oksijeni, unadhoofika. Einstein, mkimbizi kama sisi, ulimpasukia mwaka 1955, akafariki.

Basi wazazi wetu, tuache sigara, tupime presha. Tumbo au mgongo ukiuma vikali ghafla, tusingoje asubuhi: hospitali mbio!

Tuonane mwezi ujao.